Betri haikuwa na kosa: gari ililala miezi mitano, kumbe ni waya mbili

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi Machi, saa kumi na moja alfajiri. Mama ameshavaa, kanga mabegani, kadi ya kliniki mkononi, kakaa siti ya mbele anasubiri tuondoke. Nazungusha ufunguo, taa za dashibodi zinawaka kwa unyonge kama kibatari kinachoishiwa mafuta, kule mbele nasikia tik-tik-tik-tik halafu kimya. Nikajaribu tena, safari hii hata tik haikuja.

Na hiyo gari Jumapili jioni niliipaki ikiwa haina shida yoyote. Mimi naishi Kigamboni, kazi yangu iko Posta, kwa hiyo katikati ya wiki gari inabaki nyumbani mimi navuka na pantoni kwa miguu kama watu wengi wa huku, jioni narudi hivyo hivyo, gari ni ya wikiendi na ya siku za mama za kliniki. Ni hizi ndogo za Kijapani za mtumba, ya 2004, gia otomatiki. Jirani akatoka na kikoi chake akasema tuisukume, lakini otomatiki hata muisukume mpaka feri haiwaki. Nikapiga simu teksi, kwenda na kurudi elfu 40, na mama ana presha, njia nzima ananiambia mwanangu tulia tutafika, mimi ndo nilikuwa nahema kama mgonjwa.

Naandika haya yote kwa sababu baada ya siku ile nilitumia karibu nusu milioni na miezi mitano kutafuta tatizo ambalo kipimo chake kinachukua mchana mmoja. Kuna mtu sasa hivi anaambiwa "betri imekufa mama, nunua nyingine", na huenda haijafa.

Jioni ile jirani alinibustia, yaani aliiwasha yangu kwa umeme wa betri ya gari yake. Hapa niseme kitu, maana nimeona watu wengi wanabandika waya ovyo. Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyolala, kisha nyekundu ya pili kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ile nyeusi ya mwisho usiibandike kwenye betri iliyolala, ibane kwenye chuma cha injini mbali kidogo na betri. Betri ikichajiwa inatoa gesi inayoshika moto na kibanio cha mwisho kikigusa kinatoa cheche, sasa cheche na gesi karibu na macho yako hapana jamani.

Gari ikawaka, nikaenda nayo gereji Jumamosi. Fundi akafungua boneti, akaitazama betri, akaigonga na spana, akasema "mama hii imechoka, ina miaka mingapi?" Nikasema nimeikuta nayo. "Basi hiyo hiyo." Hakupima chochote. Na mimi sikuuliza, kwa sababu maneno yake yalikuwa yanaingia akilini, betri ya zamani, gari haiwaki, ni nini tena? Nikanunua mpya, Ah 35 (hicho ni kipimo cha chaji inayobeba betri), elfu 160, ya zamani akabaki nayo yeye. Hili la kuacha spea ya zamani nitalirudia maana linauma.

Jumamosi iliyofuata, betri ya wiki moja, gari imelala fofofo.

Nikarudi dukani. Wakaniambia betri ikikaa dukani inapungua chaji, ilitakiwa ichajiwe kabla ya kufungwa, wakaichaji usiku mzima kwa elfu 5. Lile neno ni kweli kabisa kwa betri yoyote, ila halikuwa jibu la swali langu. Wiki nyingine tena, Jumamosi, imelala.

Hapo nyumbani nikaanza kutafuta mchawi. Mwanangu wa kidato cha pili anapenda kukaa kwenye gari anasikiliza mziki, na redio yetu ilikuwa inawaka hata bila ufunguo, kwa hiyo nikamgombeza sana, nikamwambia wewe ndo unamaliza betri, nikamnyang'anya ruhusa ya kukaa humo. Akaniapia kwamba hajaingia wiki nzima. Sikumwamini. Nisomeni vizuri hapo, redio ilikuwa inawaka bila ufunguo, nimeisema kwa mdomo wangu mwenyewe nikiwa namgombeza mtoto, na bado sikuona kilichokuwa mbele ya macho yangu. Baadaye nilimwomba msamaha, mbele ya baba yake na bibi yake.

Fundi wa pili yeye alisema altaneta haichaji. Akanielezea vizuri tu, kwamba betri ni ndoo na altaneta ndo bomba, bomba likiwa dhaifu ndoo haijai. Nikamuuliza mbona nikiitumia kila siku haisumbui, akasema ndo dalili yenyewe, ukitembea sana inapata kidogo kidogo. Nikashawishika. Altaneta ya mtumba kutoka Ilala elfu 180, ufundi elfu 30. Ile ya zamani nikamwachia pia, akaiweka chini ya benchi. Leo najua kwamba kuipima altaneta ni dakika mbili, injini inaunguruma, unaweka mita ya volti kwenye vichwa vya betri, ukiona kati ya 13.8 na 14.5 altaneta inachaji. Basi. Hii mpya inasoma 14.1 na ya zamani sitajua ilikuwa inasoma ngapi, ila naamini ilikuwa nzima, maana baada ya kubadilisha hakuna kilichobadilika hata kidogo.

Ikaja mashine. Mtu akanishauri nikapime kwa kompyuta, elfu 30, kijana akachomeka kifaa chini ya usukani, akasubiri, akaniambia gari haina kosa lolote. Na kweli mashine haikuona kosa, kwa sababu ile inasoma makosa ambayo kompyuta ya gari imeyaandika, haipimi umeme unaotoka betri gari ikiwa imezimwa. Sio uongo wa yule kijana, ni mimi niliyepeleka swali mahali ambapo halijibiwi.

Baada ya hapo nikakata tamaa nikajifunza kuishi na ugonjwa. Jirani alinipa spana namba 10, kila Jumapili jioni nikishapaki nafungua kile kichwa cha hasi, nakisogeza pembeni nakizungushia kitambaa, Jumamosi nakirudishia, gari inawaka mara moja. Miezi miwili na kitu nimeishi hivyo. Saa ya gari inarudi sifuri, redio inapoteza stesheni zote, dirisha la dereva linasahau kushuka lenyewe, lakini inawaka. Nikaona nimepata suluhisho, hata kuna shoga yangu nilimfundisha.

Sasa pale mtaani kwetu kuna kijana fundi simu, kibanda chake kiko jirani na geti letu, ananiita mama. Jumapili moja ananiona nimeinama kwenye boneti na spana akaja kunisaidia, akauliza mama mbona unaifungua kila wiki? Nikamweleza hadithi nzima. Akanyamaza kidogo akasema, "Sasa mama, ukiifungua inakaa siku tano na chaji yake?" Ndio. "Usipoifungua inaisha?" Ndio. "Basi betri nzima. Hii ni kama simu inayokula chaji ikiwa mfukoni, kuna kitu ndani ya gari hakilali."

Nilisimama pale na spana mkononi nikahisi miguu imeishiwa nguvu. Miezi miwili nilikuwa nafanya kipimo sahihi kabisa kila wiki, na jibu liko wazi, sema sikujua kwamba ni kipimo. Kwa hiyo wewe unayesoma, kabla hujatoa hata shilingi, anza na hiki maana hakina gharama. Ichaji betri ijae, pima volti yake baada ya kupumzika masaa kadhaa, iliyojaa inasoma 12.6 au 12.7. Fungua waya wa hasi uiache siku mbili tatu. Ukirudi ukakuta 12.5 kwenda juu, betri inashika chaji, mwizi yuko kwenye gari. Ukikuta imeshuka mpaka 12.2 au chini yake ikiwa peke yake haijaunganishwa na kitu, basi hapo kweli betri ina matatizo na waliokuambia ununue nyingine wako sawa. Kumbuka 12.2 sio "bado ipo", 12.2 ni nusu, na 12.0 ni kama robo tu, namba zinadanganya macho kwa sababu zinakaribiana.

Jumapili iliyofuata kijana akaja na mita yake, ile ya njano ya kawaida. Alieleza kwamba kwenye simu wao wanatazama simu iliyozimwa inavuta umeme kiasi gani, ikivuta wakati imezimwa basi kuna kitu kinavuja kwenye bodi, kwa gari ni hivyo hivyo ila ampea ni kubwa zaidi. Umeme wote unaotoka betri lazima upite ndani ya mita. Unafungua waya wa hasi, ncha moja ya mita inashika ule waya uliofungua, ncha ya pili inashika kichwa cha hasi cha betri, mita inakuwa kama daraja. Ukiwa umeiweka mita kwenye ampea usithubutu kuigusisha chanya na hasi za betri, hapo umepiga shoti.

Tukafanya, mita ikaandika 0.00. Nikapiga vigelegele! Nikasema kumbe imepona yenyewe. Kijana naye akatabasamu, akasogea kufungua mlango achukue simu yake, taa ya ndani haikuwaka. Akasimama. Akafunga mlango, akafungua tena. Haikuwaka. "Mama, mita haipitishi umeme." Kumbe waya mwekundu wa mita ulikuwa kwenye tundu la volti na miliampea, sio tundu la 10A, na pale tulipounganisha gari ikavuta umeme mwingi kwa mpigo mmoja, kifyuzi kidogo cha ndani ya mita kikakatika. Tungeishia pale tungeandika kwamba gari haivuji na tungerudi kwenye kutafuta betri. Kwa hiyo ukiona sifuri kamili usifurahie, gari hizi zina saa na kompyuta na redio zinazotunza kumbukumbu, lazima zivute kidogo. Fungua mlango uone taa inawaka kupitia mita, ndo uamini.

Tukahamisha waya kwenye tundu la 10A, ambalo halikutumia kile kifyuzi kilichokatika. Mita nyingi za bei rahisi hilo tundu halina kabisa fyuzi ndani, kwa hiyo usiwashe gari mita ikiwa pale katikati, selfu, ile mota ya kuwashia injini, inavuta ampea nyingi mno, utaiunguza mita na vidole. Usiwashe taa kubwa, usibonyeze breki, usiguse ufunguo. Tukakikandamiza kile kitufe cha kwenye nguzo ya mlango kwa tepu ili gari idhani mlango umefungwa, maana mlango ukibaki wazi taa zinawaka na utapima taa badala ya tatizo.

Mwanzo ikasoma ampea 1.9. Tukakaa chini ya mwembe. Hapa watu wengi wanakosea, ukishaunganisha betri kila kitu kwenye gari kinaamka, unatakiwa usubiri vilale, dakika 20 au 30, gari nyingine zaidi. Mama akatuletea chai na maandazi pale pale, akauliza mnasubiri nini, kijana akamjibu tunasubiri gari ilale bibi. Baada ya nusu saa ikatulia kwenye 0.38 na haikushuka tena.

Ya kawaida ni kati ya 0.02 na 0.05, yaani miliampea 20 mpaka 50. Yangu 380. Kijana akatoa simu tukapiga hesabu, 0.38 mara masaa 24 ni kama Ah 9 kwa siku moja, na betri yangu ya Ah 35 maana yake ni kama ampea moja kwa masaa 35, sasa ukipaki Jumapili jioni mpaka Alhamisi alfajiri ni masaa 82 hivi, zimeshatoka Ah 31. Ile alfajiri ya mama imeelezwa yote pale kwenye skrini ya simu ya kijana wa watu. Na ndo maana nikitembea kila siku haisumbui, altaneta inarudisha kilicholiwa usiku.

Kumtafuta mwizi ni kuchomoa fyuzi moja moja huku mwenzako anaangalia mita. Piga picha boksi la fyuzi kabla hujachomoa kitu, na kila unayoichomoa irudishe kwenye tundu lake kabla ya kwenda nyingine. Tukaanza na za ndani, hakuna. Tukaja za kwenye injini, ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, nikaanza kukata tamaa, tukafika kwenye moja ya 15 iliyoandikwa DOME, alipoichomoa tu mita ikaanguka kutoka 0.38 mpaka 0.02. Nilipiga kelele jirani akachungulia ukutani.

Kijana akasema hiyo ni taa ya juu ya ndani. Tukaitoa balbu ya taa, tukarudisha fyuzi, tukasubiri. 0.38 ile ile. Tukatoa na ya buti. 0.38. Hapo tulikwama karibu saa zima, mpaka kijana akasema fyuzi moja inaweza kulisha vitu vingi na jina wameandika kimoja tu, mama ni kitu gani kingine kilizimika tulipoitoa? Nikakumbuka kila nikifungua betri redio inasahau stesheni. Tukachomoa tena DOME, tukabonyeza redio, imekufa. Tukarudisha, redio inawaka, bila ufunguo.

Redio yenyewe niliiweka mwezi Januari. Gari za Japani zinakuja na redio za huko ambazo FM yao inaanza 76 na nyingi zinaishia 90, stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo, hivyo watu wengi tunaitoa ile ya Kijapani tunaweka nyingine, mimi niliweka ya Android yenye skrini kubwa na kamera ya rivasi. Kwa nini sikuiunganisha na tatizo? Kwa sababu Februari yote mama alikuwa amelazwa, nilikuwa naendesha kila siku kwenda na kurudi, gari haikupata siku mbili za kupumzika, haikulala hata mara moja. Machi mama karuhusiwa, nikarudi kwenye pantoni, shida ikaanza, nikaona imetokea hewani tu. Kwa hiyo unapojiuliza tatizo lilianza lini, usiulize tu lilionekana lini, jiulize pia ni kitu gani cha mwisho kiliwekwa kwenye gari, hata kama ni miezi mitatu nyuma.

Tukaibandua redio taratibu na bisibisi yenye ncha tuliyoizungushia tepu isikwaruze plastiki. Nyuma yake kuna fundo la waya, na katikati kuna uvimbe wa tepu nyeusi. Kijana akaukata kwa wembe. Ndani, waya wa njano na waya mwekundu wa redio vimesokotwa pamoja, vyote vimeungwa kwenye waya mmoja wa gari. Akanieleza, na baadaye fundi umeme akathibitisha, kwamba redio za kuweka mwenyewe karibu zote zina rangi zile zile, njano ni umeme wa muda wote wa kutunza kumbukumbu na unavuta kidogo sana, mwekundu ni wa kuiambia redio kwamba ufunguo umewekwa amka, nyeusi ni ethi, upande wa hasi. Ukiunga njano na nyekundu pamoja, redio inaambiwa amka usiku na mchana. Skrini inazimika ukibonyeza, lakini ndani iko macho. Aliyeifunga huenda hakuupata waya wa ufunguo au alitaka kumaliza haraka, na mimi siku ile nilimsifia, nikaona redio inayowaka bila ufunguo ni raha.

Jumatatu fundi umeme wa magari akautafuta waya unaopata umeme pale ufunguo unapowekwa tu, akaunga mwekundu pale, akaweka na kifyuzi chake, akafunga vizuri. Elfu 15. Kabla sijamlipa nilimwomba tupime, akasubiri na mimi nusu saa bila kunung'unika, 0.03. Jumamosi yake gari ikawaka baada ya siku tano imepaki, sijafungua kitu. Alhamisi ya kliniki nikamwambia mama kaa wewe uzungushe ufunguo, akazungusha, ikanguruma, akasema alhamdulillah.

Hesabu yangu ni hii. Teksi 40,000, betri 160,000, kuchaji 5,000, altaneta na ufundi 210,000, mashine 30,000, jumla 445,000 na hakuna hata moja iliyogusa tatizo. Kilichotibu ni 15,000 ya fundi umeme, 10,000 niliyomlazimisha kijana aipokee, na 18,000 ya mita yangu mwenyewe niliyonunua Kariakoo baadaye. Kuna gharama nyingine haionekani kwenye hesabu, ile betri mpya imeumia. Betri hizi za tindikali hazitakiwi kulala kabisa zikabaki hivyo, zikikaa bila chaji zile bamba za ndani zinashika chumvi ngumu na nafasi ya chaji hairudi yote. Yangu ililala kama mara tatu, sasa nikiichaji usiku ikipumzika inafika 12.4 haivuki, na joto la Dar nalo linazimaliza betri mapema. Kwa hiyo ikilala leo ichaji leo, usiseme Jumamosi, na kutembea dakika 15 kwenye foleni na AC haiijazi betri iliyolala, ipeleke kwenye chaja.

Sio kila mtu tatizo lake ni redio. Niliposimulia kazini nikaletewa visa vingine. Mmoja ni king'amuzi cha kufuatilia gari kilichofungwa na mwenye gari wa kwanza, mwenyewe hajui kama kipo. Mwingine kile kiplastiki kidogo cha juu ya pedali ya breki kilimeguka na taa za breki zikawa zinawaka usiku kucha, hiyo hata mita haihitaji, zunguka tu nyuma ya gari saa mbili usiku. Chaja ya simu iliyoachwa kwenye tundu lisilozimika. Taa ya buti. Na ikitokea umechomoa fyuzi zote mita bado inasoma juu, fundi umeme aliniambia kitu cha kukipima ni altaneta yenyewe, daiodi zake, vile vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zikiharibika inaweza kuchaji vizuri mchana na usiku ikairudisha nyuma ikainyonya betri, na waya wake mnene hauko kwenye zile fyuzi ndogo. Usafi wa vichwa vya betri nao utazame, ukikizungusha kichwa kwa mkono kikazunguka kinahitaji kubanwa, na ule unga mweupe wa kijani kijani unaoshwa na maji ya moto na magadi, toa hasi kwanza, rudisha hasi mwisho.

Na kwa mafundi sina kinyongo, wengi wanafanya kazi jua kali bila vifaa na sisi wateja tunataka jibu ndani ya dakika tano. Ila siku hizi nikifika gereji nasema "fundi naomba tupime kwanza nione namba," na fundi anayejua kazi yake hakasiriki. Spea ya zamani naondoka nayo kwenye kiroba.

Jana jirani, yule yule aliyenipa spana, ameniita. Gari yake imeanza kulala siku ya tatu na ameshaambiwa anunue betri. Tumeichaji mchana, tumeiacha itulie, saa mbili usiku tumepima 12.6, tumefungua waya wa hasi tukauzungushia kitambaa, na namba nimeiandika kwa peni kwenye tepu juu ya betri. Tumekubaliana asiiguse mpaka kesho kutwa asubuhi.